Likizo ya Juni kwenye duka la vitabu vya watoto: mwongozo kamili wa kuandaa msimu wa usomaji

Shule za msingi Tanzania Bara zinapofungwa mwanzoni mwa Juni, watoto hupata takriban wiki nne za kukaa nyumbani. Duka la vitabu vya watoto nalo lina wiki nne hizo hizo. Maduka mengi humalizia nguvu zote kwenye siku moja: turubai, spika, mchora nyuso, keki. Watoto wanajaa, wazazi wanapiga picha, na jioni ukihesabu vitabu vilivyotoka havijazi hata boksi moja. Wiki inayofuata duka ni kimya.

Mwongozo huu umejengwa juu ya hesabu nyingine: ni watoto wangapi walirudi dukani mara ya pili. Hafla ipo ili kumrudisha mtoto, na kinachomfanya arudi ni kitabu alichokimaliza. Kwa hiyo kazi kubwa iko kwenye orodha ya vitabu na kwenye yule mtu anayemkabidhi mtoto kitabu, na sehemu hizo mbili ndizo tutakazozikalia zaidi.

Wiki nane kabla: kalenda

Anza mwanzoni mwa Aprili. Chukua kalenda ya shule zilizo jirani na duka, maana shule binafsi hupishana siku kadhaa na za serikali, kisha weka alama kwenye tarehe mbili. Ya kwanza ni 16 Juni, Siku ya Mtoto wa Afrika, inayoadhimishwa tangu 1991 kwa kumbukumbu ya wanafunzi wa Soweto wa mwaka 1976. Ya pili ni 7 Julai, Siku ya Kiswahili Duniani, iliyotangazwa na UNESCO mwaka 2021. Msimu wako tayari una milango miwili, wa kufungulia na wa kufungia.

Mlango wa pili una mtego. Tarehe 7 Julai ni Saba Saba. Kwa duka la Dar es Salaam, familia nyingi siku hiyo ziko kwenye maonyesho ya Barabara ya Kilwa au zimekwama kwenye foleni ya kuelekea huko. Fanya hafla ya kufunga Jumamosi iliyotangulia, kabla shule hazijafunguliwa. Angalia pia Iddi el Hajj, ambayo husogea nyuma takriban siku 11 kila mwaka. Mwaka 2024 iliangukia katikati ya Juni.

Saa nayo ina maana yake. Kwenye mitaa ambako watoto wengi wapo madrasa asubuhi za wikiendi, weka hadithi saa tisa alasiri. Kwingineko saa nne asubuhi ya Jumamosi inafaa. Jumapili asubuhi iache. Hali ya hewa iko upande wako: masika yamekwisha, kipupwe kinavuma, na kibaraza au kivuli cha mwembe kinatosha bila feni. Desemba hutapata bahati hiyo.

Wasomaji wa Kenya wapeleke ratiba hii Agosti, au likizo ndefu ya mwisho wa mwaka.

Orodha: vitabu 24, basi

Mzazi akipewa orodha ya vitabu 100 huchukua kile kilicho karibu na kaunta. Ishirini na vinne vinatosha, na kila mhudumu anaweza kuvisoma vyote kabla ya Juni. Hilo la mwisho ni sharti. Kitabu ambacho hakuna mtu dukani amekisoma kisiingie kwenye orodha, hata kama mchapishaji ametoa punguzo zuri.

Mgawanyo unaofanya kazi:

Umri wa miaka 3–5: vitabu 6 vya picha, sentensi moja au mbili kwa ukurasa. Hivi husomwa na mtu mzima.
Umri wa miaka 6–8: vitabu 9. Watoto hawa humaliza haraka na kurudi haraka, ndiyo maana fungu lao ni kubwa.
Umri wa miaka 9–11: vitabu 6, vyenye sura.
Umri wa miaka 12–14: vitabu 3.

Nusu ya orodha iwe ya Kiswahili, na pengo utaliona mapema: kati ya kitabu cha picha cha kurasa 24 na hadithi ndefu ya kurasa 100, vitabu vya Kiswahili vyenye sura fupi fupi ni vichache. Hapo ndipo watoto wengi wa miaka 8 na 9 hupotea. Cha picha wanakiona cha kitoto, kirefu kinawachosha. Tafuta vya katikati kwanza kabla hujachagua vingine vyote. Ulizia Mkuki na Nyota, E & D Vision na wachapishaji wa Nairobi, na uliza pia kuhusu vitabu vilivyotolewa chini ya Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania, ulioanza 1991. Vikikosekana, tumia mikusanyo ya ngano: kila ngano ina mwisho wake, mtoto anasoma moja kwa siku. Jukwaa la African Storybook nalo lina hadithi za Kiswahili za bure zenye leseni huria. Zichapishe chache uziweke kwenye mkeka wa kusomea.

Usisahau aina. Weka angalau katuni mbili, kitabu kimoja cha vitendawili na methali, viwili vya sayansi au wanyama, na kimoja cha mashairi. Kuna mtoto asiyependa hadithi za kubuni kabisa lakini atasoma kuhusu nyoka mpaka usiku. Na ukiweza, hadithi moja imhusu mtoto wa mjini anayepanda daladala, kwa sababu wengi wa wateja wako ndivyo walivyo na wamechoshwa na sungura.

Kuagiza

Omba mali kauli. Mchapishaji wa hapa nchini mara nyingi hukubali kukuachia vitabu kwa mwezi au miwili, unalipa vilivyouzwa na kurudisha vilivyobaki. Idadi ya kuanzia kwa duka dogo: nakala 5 kwa kila kitabu cha miaka 3–5, nakala 6 kwa 6–8, nakala 5 kwa 9–11, nakala 4 kwa 12–14. Jumla ni nakala 126.

Makubaliano yaandikwe, hata mchapishaji akiwa rafiki yako wa miaka mingi: idadi, bei ya jalada, asilimia ya duka, tarehe ya kurudisha, na nani anabeba hasara ya kitabu kilichochafuka. Hilo la mwisho ndilo huleta ugomvi. Mtoto wa miaka minne hushika kitabu kwa mikono yenye mafuta ya maandazi, na mchapishaji hatakipokea. Dawa yake ni nakala ya kuonja: kwa kila kitabu nunua nakala moja kabisa, ivalishe nailoni, andika “haiuzwi” kwenye jalada, na hiyo ndiyo ishikwe. Nyingine zikae rafu ya juu. Pwani, rafu iwe na nafasi ya vidole vinne kutoka ukutani, la sivyo ukungu utaanza kwenye migongo ya vitabu.

Kumlinganisha mtoto na kitabu

Mzazi atakuuliza kama kitabu kina maswali nyuma. Mjibu kwa heshima, kisha geukia mtoto. Vitabu vya kiada na vya ziada vina rafu yao. Huu ni msimu wa kusoma kwa raha, na mteja wako ana umri wa miaka saba. Muulize mambo matatu: kitabu gani ulikimaliza mpaka mwisho, ukiwa huna shule unapenda kufanya nini, na leo unataka kucheka, kuogopa au kujua kitu? Mpe vitabu vitatu, aketi navyo dakika tano bila kusimamiwa. Kile atakachokifungua mara ya pili ndicho chake.

Kupima ugumu, wengi hutumia vidole vitano: mtoto anasoma ukurasa mmoja kwa sauti na kukunja kidole kwa kila neno linalomshinda. Kidole kimoja au hakuna, kitabu ni chepesi. Viwili au vitatu, kinamfaa. Vinne au vitano, asome pamoja na mkubwa.

Kwa Kiingereza kipimo hiki kinafaa kama kilivyo. Kwa Kiswahili kinadanganya. Maneno yetu yanasomeka kama yalivyoandikwa, hivyo mtoto aliyejua silabi atatamka “alighadhibika” bila kukwama na asijue kuna mtu aliyekasirika. Asipokunja kidole hata kimoja, usishangilie bado. Funga kitabu, muulize, “Kumetokea nini hapo?” Akisimulia kwa maneno yake, kinamfaa. Akirudia sentensi ya mwisho neno kwa neno, shuka ngazi moja.

Kuna makundi mawili ya kuangaliwa kwa jicho la pekee. Watoto wa shule za mchepuo wa Kiingereza huongea Kiswahili vizuri lakini hukisoma taratibu. Mtoto wa miaka kumi huenda akahitaji kitabu cha Kiswahili cha miaka saba, na ataona aibu. Mpe cha vichekesho au vitendawili, ambako ufupi hauonekani kama utoto. Wale wa shule zinazofundisha kwa Kiswahili wana kibarua cha upande wa pili, kwa sababu kidato cha kwanza watakutana na Kiingereza kwenye karibu kila somo. Kwao, hadithi fupi ya Kiingereza yenye picha nyingi ina kazi kuliko riwaya.

Chini ya kila kitabu cha orodha bandika kadi ya rafu yenye maneno 30 hadi 40 yaliyoandikwa kwa mkono na mhudumu aliyekisoma. Iseme kinamfaa nani: “Mpe mtoto anayeuliza kwa nini bahari ina chumvi.” Sifa tupu kama “kizuri sana” hazimsaidii mtu.

Kadi ya usomaji

Karatasi ngumu ya A5, vyumba sita, jina la kwanza la mtoto juu. Kila kitabu kikimalizwa mtoto anasimulia kidogo kaunta, anapigiwa muhuri. Sita ni idadi inayotekelezeka ndani ya wiki nne, na ndiyo iliyozoeleka kwenye mpango wa usomaji wa kiangazi wa maktaba za umma Uingereza, ulioanza 1999.

Kanuni ziwe chache. Kitabu chochote kinahesabika: cha maktaba, cha kuazima, cha katuni, cha kusomewa na dada. Ukidai kitabu kilichonunuliwa kwako, utakuwa umegeuza kadi kuwa bili, na wazazi wataiona hivyo. Zawadi zitoke kwa hatua: stika kwenye kitabu cha pili, penseli kwenye cha nne, cheti na daftari kwenye cha sita. Usitoe zawadi kwa aliyesoma vitabu vingi kuliko wote. Ukifanya hivyo watoto huchagua vyembamba, wachache hudanganya, na yule msomaji wa polepole anaacha wiki ya kwanza. Kila aliyefika sita amemaliza.

Muhuri uupige kwa maongezi, usiwe mtihani. Swali moja linatosha: “Ungekuwa wewe, ungefanya vile?”

Chapisha kadi 100. Mhudumu awe na daftari la majina na tarehe za kila muhuri, kwani kadi hupotea, na mtoto aliyepoteza kadi yenye mihuri minne asipoipata nyingine hutamwona tena.

Mfuko wa safari

Hapa ndipo mipango iliyonakiliwa kutoka nje huvunjika. Likizo ya Juni watoto wengi hawapo mtaani. Wamepelekwa kwa bibi na babu Moshi, Songea, Bukoba au Pemba, na watarudi siku mbili kabla ya shule. Kadi inayodai waje dukani kila wiki inawatupa nje.

Andaa mifuko ya kitambaa wiki moja kabla shule hazijafungwa, ndani yake vitabu vitatu (kimoja chepesi, kimoja cha saizi yake, kimoja cha kusomewa au kuwasomea wadogo), kadi ya usomaji, penseli, na karatasi ya “Hadithi ya Bibi”: mtoto aandike ngano moja aliyosimuliwa huko aliko. Ngano hiyo inahesabika kama kitabu kimoja. Sahihi ya mtu mzima yeyote inatosha badala ya muhuri. Uza mfuko kwa bei moja ya jumla, upunguze kidogo kwenye faida yako, na utangaze kwenye makundi ya WhatsApp ya wazazi mapema, kwani mzazi akishakata tiketi ya basi hana tena muda wa kupita dukani.

Jumamosi ya hadithi

Nafasi 20, andikisha 25, na weka mkeka mmoja wa ziada. Mkeka wa futi sita kwa nne hukaa watoto wanane. Msomaji mmoja, msaidizi mmoja kwa kila watoto wanane, na mtu mwingine kaunta ambaye haondoki.

Saa moja inatosha. Dakika 10 za mwanzo watoto wanafika wakipekua nakala za kuonja. Kisha msomaji anaita “Paukwa!”, wanaitika “Pakawa!”, na kelele zinakwisha zenyewe bila mtu kupigiwa makofi. Dakika 15 za kusoma. Dakika 10 za vitendawili: atakayeshindwa kutegua atoe mji, kama kawaida. Dakika 20 za kazi ya mikono. Tano za mwisho ni za mihuri. Juisi na biskuti zitoke mwisho kabisa, nje ya duka, vitabu vikiwa vimeshapanda rafuni. Kabla ya kugawa, uliza kuhusu mzio, hasa wa karanga na maziwa.

Msomaji akisome kitabu mara mbili nyumbani kwa sauti. Akishike pembeni mwa bega, kurasa zikiwaelekea watoto, na asogeze picha taratibu kutoka kushoto kwenda kulia. Kitabu kidogo kuliko A4 hakionekani safu ya tatu. Hicho kisimulie badala ya kukisoma. Kurasa 24 zenye maneno 500 huchukua dakika nane hadi kumi ukionyesha picha. Kosa la kawaida ni kusimama kila ukurasa kuuliza maswali: hadithi inakatika, na watoto wanaojua majibu wanawameza wengine. Maswali mawili, moja katikati na moja mwisho.

Kazi ya mikono: kijitabu cha karatasi moja

Kati ya kazi zote za mikono hii ndiyo inayobaki karibu na vitabu, na gharama yake ni ndogo. Kwa watoto 20 andaa karatasi 30 za A4, mikasi miwili (ya watu wazima), kalamu za rangi. Gundi haihitajiki.

1. Kunja karatasi kwa urefu, kingo ndefu zikutane. Fungua.
2. Ikunje kwa upana, kingo fupi zikutane. Fungua.
3. Leta kila ukingo mfupi kwenye mkunjo wa katikati. Fungua. Sasa una vyumba vinane.
4. Ikunje tena kwa upana kama hatua ya 2. Kuanzia upande wenye mkunjo, kata kwa kufuata mstari wa katikati mpaka mkunjo unaofuata tu, yaani nusu ya njia.
5. Fungua, ikunje kwa urefu, shika ncha mbili na uzisukume zikutane. Mpasuo utafumbuka kama mdomo na karatasi itasimama kama msalaba.
6. Laza kurasa upande mmoja, kandamiza mgongo kwa ukucha.

Zinapatikana kurasa nane: jalada la mbele, la nyuma, na sita za hadithi. Karatasi ikipasuka vipande viwili, umepitiliza; ikipasuka kingoni badala ya katikati, umekatia upande uliofunguka badala ya wenye mkunjo. Watoto waandike baada ya kukunja. Wakichora kwanza, nusu ya kurasa zitatoka kichwa chini, na kuna mtoto atakayelia.

Kumwalika mwandishi

Mmoja kwa msimu anatosha. Mwandikie wiki sita kabla, ukitaja tarehe, saa, umri wa watoto, idadi yao, nauli na posho. Usimwambie “utapata nafasi ya kujitangaza”. Agiza nakala moja ya kitabu chake kwa kila watoto watatu wanaotarajiwa. Kwenye foleni ya sahihi, kila mzazi aandike jina la mtoto kwenye kijikaratasi, kwa maana kuna Khadija, Hadija na Khadijah, na kitabu kilichoandikwa jina lenye makosa hakirudi rafuni. Mwandishi akikwama njiani, mhudumu aliyekwishakisoma kitabu anachukua nafasi. Kwa hiyo awepo.

Usalama na picha

Mtoto asiachwe bila mtu mzima wake, isipokuwa kwa makubaliano yaliyoandikwa ya nani atamchukua na saa ngapi. Lebo ya kifuani iwe na jina la kwanza tu. Kwa picha, omba ridhaa ya mzazi kwa maandishi wakati wa kuandikisha. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inagusa hata duka dogo. Waliokataa wape lebo ya rangi tofauti ili mpiga picha asibahatishe.

Hesabu

Chukua mfano. Kitabu cha sh. 8,000 ambacho duka hubakiza asilimia 25 kinakuachia sh. 2,000. Jumamosi moja yenye gharama ya sh. 60,000 (karatasi, juisi, nauli ya wasaidizi) inahitaji nakala 30 zitoke ndipo ijilipe. Ukiwa na watoto 20 mkekani, hata kila mmoja akichukua kitabu kimoja, siku hiyo peke yake haifiki. Hao hao wakirudi mara moja kugonga mihuri, na nusu yao wakachukua kitabu kingine, unafika 30.

Ndiyo maana daftari la kaunta liwe na safu nne tu: walioandikishwa, waliorudi mara ya pili, waliomaliza sita, na nakala zilizouzwa kwa kila kitabu. Kitabu kilichopekuliwa sana lakini hakikununuliwa, angalia bei yake kwanza. Kilichonunuliwa lakini hakuna mtoto aliyekuja kukisimulia, kiondoe kwenye orodha ya Desemba.

Vitabu vya mali kauli virudishwe kwa tarehe iliyoandikwa, vikiwa vimefutwa vumbi na kuhesabiwa mbele ya mpokeaji. Vichache vya miaka 12–14 omba uongezewe muda: wahitimu wa darasa la saba humaliza mtihani wao Septemba na kukaa nyumbani mpaka Januari, wakisubiri sekondari. Kadi za waliosafiri ziendelee kupokelewa wiki mbili baada ya shule kufunguliwa, na zile ngano za bibi zibandikwe ukutani karibu na mlango, kwenye kimo cha macho ya mtoto.